Mfukuze Jogoo Kwanza: Kufundisha Hadithi Fupi Lunga Lunga

Waambie wanafunzi wa kidato cha tatu hapa Lunga Lunga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, waandike hadithi, nawe utarudi ofisini na majogoo arobaini. Jogoo atawika alfajiri, jua litachomoza "kwa madaha", msimulizi ataamka, atajinyoosha, atapiga mswaki, atastaftahi kwa chai na mahamri. Kengele italia akiwa bado hajatoka nyumbani.

Sasa toka nje wakati wa mapumziko. Chini ya mkorosho utawakuta hao hao, mmoja kasimama katikati, anaeleza jinsi bodaboda iliyobeba magunia matatu ya mchele ilivyokata kona mbele ya askari, gunia moja likapasuka na kuku wa kijiji kizima wakaitana. Hakuna anayepiga mswaki katika kisa hicho. Wenzake wameshika mihogo mikononi na wamesahau kuila.

Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu unayefundisha uandishi, iwe ni katika kipindi cha kawaida au katika chama cha Kiswahili Ijumaa jioni. Kusimulia wanajua. Kazi yako ni kukivusha kisa kutoka mkoroshoni hadi daftarini kikiwa kizima.

Jogoo alitoka wapi?

Usimlaumu mtoto. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE inampa saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja alama 20. Ya kwanza ni ya lazima. Katika zilizobaki huchagua moja, na humo ndimo hukaa insha ya methali na insha ya mdokezo, ile unayopewa maneno ya kuanzia au ya kumalizia. Mtu mwenye hofu na saa ukutani hushika kinachoshikika, na sisi walimu ndio tunaompa cha kushika: orodha ya misemo ya kukariri. Mimi mwenyewe niliwahi kulinakilisha darasa zima kurasa mbili za "lugha ya mapambo". Muhula huo nilisahihisha insha moja mara hamsini.

Lugha ya mapambo si dhambi. Ubaya wake ni kwamba imeokotwa. "Nilitimua mbio kama swara" ni tashbihi ya mtu mwingine, aliyeona swara kwingine. Mtoto wa Lunga Lunga amemwona mbuzi aliyekata kamba asubuhi ya Idi. Huyo ndiye mnyama wake. Na aliyewahi kupelekwa Shimba Hills akaona palahala, basi amtumie palahala, maadamu alimwona.

> SANDUKU LA KWANZA: Majogoo wa kufukuza
>
> Andika haya ubaoni siku ya kwanza, uyapigie mstari, uyafute mbele ya darasa. Wanafunzi hucheka, kwa sababu kila mmoja anayo daftarini.
>
> - Majogoo waliwika na ndege wakaimba nyimbo tamutamu.
> - Siku ya siku iliwadia.
> - Moyo ulinidunda dududu.
> - Nilijikunyata kama kifaranga aliyenyeshewa.
> - Wahenga hawakukosea waliponena…
> - Kumbe ilikuwa ndoto!
> - Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba…

Unachohitaji

Daftari moja dogo kwa kila mwanafunzi, la kurasa 32 linatosha, na lisiwe la kusahihishwa. Kalamu. Vipindi vinane vya dakika 40. Nakala chache za hadithi fupi nzuri. Hizi huenda tayari unazo kabatini: *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, ile diwani iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kutahiniwa KCSE kabla ya *Mapambazuko ya Machweo* kushika nafasi yake. Nitairudia.

Hatua za kufuata

1. Wasimulie kabla ya kuandika. Waketishe wawili wawili. Kila mmoja ana dakika tatu za kumsimulia mwenzake jambo aliloliona kwa macho yake, si aliloambiwa. Kisha wabadilishane: aliyesikiliza ndiye anayelisimulia darasa kisa cha mwenzake. Atakayoyakumbuka ndiyo hadithi. Atakayoyasahau hayakuhitajika, na mwenye kisa atajionea mwenyewe bila wewe kusema neno.

Wasimuliaji wetu wa ngano walilijua hili. Anayeita "Paukwa!" hungoja aitikiwe "Pakawa!" kabla hajaendelea, kwa sababu hadithi isiyo na mwitikio haina mtu wa kuibeba.

2. Daftari la macho na masikio. Kwa wiki moja kila mwanafunzi aandike mambo matano kwa siku: kitu kimoja, sauti moja, harufu moja, maneno aliyoyasikia mtu akisema, na jambo moja ambalo hakulielewa. Hili la mwisho usiliache. Mmoja aliniandikia: "Yule mama wa korosho huvuka kwenda Horohoro na kapu tupu na hurudi na kapu tupu." Nilimwambia afunge daftari hapo hapo, asije akaupoteza mstari huo. Hadithi yake nzima ilitoka ndani ya kapu lile.

Ukiwapeleka karibu na kituo cha mpakani kutazama, wakae upande wa vibanda vya chai, wasizuie njia na wasipige picha. Wahusika wamejaa pale: utingo anayelala chini ya lori, mbadilishaji wa fedha mwenye shilingi za nchi mbili kiganjani, msafiri anayepekua mkoba mara ya tatu akitafuta kadi ya manjano.

3. Sentensi ya geti. Bahati yetu ni kwamba tunaishi mahali ambapo umbo la hadithi fupi limejengwa kwa chuma na kupakwa rangi. Kila anayefika kwenye geti la mpakani anataka kupita. Kuna kitu kinachomzuia. Akizuiwa, kuna atakachopoteza. Mpe mwanafunzi kiunzi hiki akijaze kabla hajaandika aya hata moja:

*Fulani anataka ______, lakini ______, akikosa, ______.*

Sentensi dhaifu ni kama hii: "Juma anataka maisha mazuri, lakini ni maskini, akikosa, atateseka." Hapo hapana cha kutazama, maana maisha mazuri hayana mlango wala saa.

Sasa linganisha na hii: "Msichana wa Vanga anataka kufikisha pweza wa babake kwa mnunuzi kabla jua halijapanda, lakini Mto Umba umefurika na kukata njia, akikosa, pweza ataharibika na mnunuzi atahamia kwa mvuvi mwingine." Ina mwendo, na ina saa inayohesabu. Tena ina jambo la ziada ambalo mtoto wa Vanga analijua kuliko mwalimu wake: Umba huanzia milima ya Usambara, kwa hiyo maji yanaweza kuja wakati Vanga hakuna hata wingu. Msichana yule analaani mvua ambayo hakuiona ikinyesha. Hilo pekee linaweza kubeba hadithi.

Usiruhusu mtu kuendelea na hatua ya nne kabla sentensi hii haijakubaliwa na wenzake wawili. Utaona kama unapoteza wakati, lakini hapa ndipo unapouokoa.

4. Piga mstari chini ya aya ya kwanza. Waandike rasimu, ukurasa mmoja na nusu. Kipindi kinachofuata, kila mmoja apige mstari chini ya aya yake ya kwanza na kusoma kwa sauti kuanzia aya ya pili. Mara nyingi hadithi inaanzia pale hasa. Aya ya kwanza ilikuwa mwandishi akijisafisha koo.

Hapa ndipo pa kufungua ile diwani. Katika hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoipa diwani jina lake, jitu linaingia mkahawani na kula chakula chote kilichopikwa. Waulize: mbona hadithi inayohusu watu wanyonge kunyang'anywa ardhi inatuonyesha mtu anakula? Wape muda wa kubishana. Kisha waulize swali la fundi: ni nini mwandishi angeweza kutueleza kuhusu jitu hilo na hakutueleza? Mwanafunzi anayeanza kuona yaliyoachwa ameanza kuandika.

5. Nyakati za vitenzi. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa vitabu vingi vya uandishi huruka jambo hili, nacho Kiswahili kimetupa vyombo vizuri mno vya kusimulia. Wanafunzi huvijua kama sarufi ya karatasi ya pili. Hawajaambiwa kwamba ni vyombo vya kazi.

Andika aya hii ubaoni:

*Mama alifika mpakani. Mama alitoa kitambulisho. Afisa alimwangalia mama. Mama aliogopa sana.*

Kila sentensi ni -li-. Ni kama mtu anayepanda ngazi akisimama kila daraja. Sasa hii:

*Mama alifika mpakani jua likizama, akatoa kitambulisho. Afisa akakigeuza, akakigeuza tena. Nyuma yao utingo alikuwa akihesabu noti, akilamba kidole. Mama alikuwa amejifunga leso mbili. Moja ilikuwa nzito kuliko leso.*

Liulize darasa kila kiambishi kinafanya nini, usiwaambie kwanza. Mtafika hapa:

- -li- hufungua tukio. Kimoja kinatosha kuanzisha mfululizo.
- -ka- husukuma mbele: hili, kisha hili. Ikizidi sana, hadithi hukimbia bila kuona kitu. Ukihesabu -ka- saba mfululizo, mwambie mwandishi apumzike.
- -ki- husimamisha ili tutazame. "Akilamba kidole" haipeleki kisa popote, lakini ndiyo inayotufanya tuwe pale.
- alikuwa ame- huleta lililotendeka kabla hatujafika. Leso ilifungwa nyumbani, na mzigo unatoka huko.
- hu- ni mazoea: "Kila Jumatano huvuka na kapu tupu." Ni mkeka unaotandikwa ili siku moja mtu aje aukanyage. Mwanafunzi akianza kwa hu-, mwulize: na siku hiyo moja, ikawaje?

Tazama pia kwamba neno "aliogopa" limeondoka na hofu imebaki. Imehamia kwenye afisa anayegeuza kitambulisho mara ya pili.

Zoezi: kila mmoja achukue aya yake yenye -li- nyingi na kuiandika upya mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka ya -ka-, mara ya pili kwa utulivu wa -ki-. Wasomee wenzao zote mbili. Baada ya zoezi hili utasahihisha kwa furaha kidogo.

6. Wasemeshe wahusika. Katika insha zetu wahusika wote huzungumza kama taarifa ya habari, hata muuza mnazi. Wakati mwanafunzi anaishi mahali ambapo neno moja hutaja upande mtu alikotoka! Akisema "daladala" ametoka ng'ambo, upande wa Horohoro, Tanzania. Akisema "matatu" ni wa huku. Leso ya huku ni kanga kule. Mwandishi hana haja ya kueleza uraia wa mtu ikiwa amemsikiliza.

Heshima nayo ina kazi. Kijana anayempa mzee shikamoo na kijana anayeipita kimya wameshaanza hadithi mbili tofauti. Mzee akichelewa kuitikia "marahaba", hiyo ni ya tatu.

Je, Kidigo, Kiduruma au Kivumba kiruhusiwe? Katika maneno ya mhusika, ndiyo, na bila tafsiri kwenye mabano. Maana ijulikane kwa jibu la anayeambiwa. Katika masimulizi, kibaki Kiswahili sanifu, maana mtoto ana mtihani mbele yake nasi hatumfanyii hisani tukisahau hilo. Wenzangu wengine hawataki hata neno moja la nyumbani ndani ya insha. Nawaelewa, ila nyanya wa Mwereni anayegombeza kwa Kiswahili cha redioni simwamini.

7. Mwisho. Miisho mitatu hutawala: ndoto, kifo cha ghafla, na mahubiri. Wape kanuni moja tu ya kuanzia: hadithi inakwisha mhusika anapofanya jambo asiloweza kulirudisha. Msichana anamwachia utingo kapu zima la pweza bila kuhesabu pesa. Mama anafungua leso mbele ya afisa, kwa hiari yake. Sentensi moja baada ya hapo, mbili zikizidi, halafu kalamu chini.

Hapa mwanafunzi mwerevu atakuuliza kuhusu insha ya methali. Mjibu waziwazi. Katika mtihani, kisa lazima kionyeshe pande zote mbili za methali: kwa "Mchumia juani hulia kivulini", tuuone uchumaji wa juani na ulaji wa kivulini. Matukio yakishafanya hivyo, kisa kimethibitisha, na aya ya wosia mwishoni haitakiokoa kisa kilichosahau upande mmoja. Kwa mdokezo wa kumalizia, waandike maneno waliyopewa kama yalivyo, wasiyaongezee kitu.

8. Baraza la kusoma. Hadithi isiyosomwa kwa sauti haijakwisha. Darasa la hamsini haliwezi kusoma zote, basi wagawe katika makundi ya watano, uzunguke. Kila kundi lifuate utaratibu huu:

1. Mwandishi anasoma mara moja, polepole, bila kuomba radhi kwanza. "Yangu si nzuri sana" imepigwa marufuku.
2. Akimaliza, ananyamaza. Hajibu, hajitetei, mpaka mwisho.
3. Msikilizaji wa kwanza anaeleza alichokiona na kukisikia: "Nimeona leso. Nimesikia noti."
4. Wa pili anataja mahali alipotaka kuuliza "Ehe, halafu?" na mahali alipoanza kutazama nje.
5. Wa tatu anauliza swali moja la kweli, lisilo lawama.
6. Wa nne anataja sentensi moja ambayo angependa iwe yake.
7. Mwandishi anaandika waliyosema, anaamua mwenyewe atakachobadilisha.

"Nzuri sana" na "mbaya" si majibu. Hayamwambii mwandishi aende wapi. Siku ya kwanza watakuwa wakali au wapole kupita kiasi. Soma wewe kwanza hadithi yako, uliyoiandika kweli, na uwaache waikosoe. Yangu ilikuwa na jogoo katika aya ya pili. Hawakunisamehe, na tangu hapo hakuna aliyeogopa kusoma.

> SANDUKU LA PILI: Mwalimu, jihadhari
>
> Magendo ni ya watu. Nusu ya visa vizuri vya hapa vinapita njia za panya, na anayevipitisha huenda ni mjomba wa mtoto. Majina yabadilishwe, njia isitajwe, kazi ya mtu ibadilishwe pia. Karatasi hutembea kuliko mwandishi wake.
>
> Hadithi inaweza kuwa ombi la msaada. Mwanafunzi akiandika kuhusu kupigwa, kunajisiwa au kuozeshwa, usiisome darasani na usiisahihishe vituo kwanza. Zungumza naye faraghani, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza, mshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha. Simu ya watoto 116 hupigwa bila malipo nchini Kenya.
>
> Ya kaya yabaki kaya. Mzee akimsimulia mtoto jambo la kaya, mtoto arudi kumwuliza kama linaandikika. Akikataa, imekwisha.
>
> Usiandike juu ya maandishi yake kwa wino mwekundu. Weka alama pembeni, kwa penseli, kwa makosa yasiyozidi mawili ya aina moja. Hadithi yenye makosa ishirini ya tahajia bado ni hadithi, na ikivuja damu ukurasa mzima hutapewa nyingine.

Makosa yetu sisi walimu

Kosa kubwa ni kutoa mada kubwa: ufisadi, ukimwi, umuhimu wa elimu. Mada kubwa huzaa hotuba. Toa kitu kidogo, kama ufunguo, gunia au kiatu kimoja, na ufisadi utaingia wenyewe ukiwa na njaa. La pili ni kusoma hadithi ya mwanafunzi bora kila wiki. Wengine wote watajifunza kwamba si kazi yao. La tatu ni haraka. Rasimu ya kwanza ya Jumatatu isomwe Ijumaa, baada ya mwandishi kuisahau kidogo.

Orodha ya mwandishi kabla ya kukabidhi

☐ Sentensi yangu ya geti bado ni kweli, au hadithi imebadilika nikaibadilisha.
☐ Sikuanza kitandani.
☐ Kuna kitu kimoja cha kushikika ambacho kimeonekana angalau mara mbili.
☐ Nimefuta "niliogopa", "nilifurahi" au "nilihuzunika" angalau mara moja na kuweka tendo.
☐ Sina -ka- saba mfululizo.
☐ Wahusika wawili hawazungumzi kwa sauti moja.
☐ Nimesoma kwa sauti peke yangu, na nilipokwama ulimi nimerekebisha.
☐ Majina ya watu halisi yameondoka.

Zikishaiva

Usizifungie kabatini. Tengeneza gazeti la ukutani: kila hadithi kurasa mbili, mwandiko safi, jina la mwandishi kwa herufi kubwa. Chagua ukuta wenye kivuli mchana, upande ambao wazazi hupita wanapokuja kulipa karo. Gundi ya dukani ni ghali kwa kazi hii. Uji mzito wa unga wa muhogo unashika vizuri ukipakwa nyuma ya karatasi yote, hasa kwenye pembe. Bandika juu ya kimo cha mbuzi, kwa sababu wanaupenda uji huo, nasi muhula mmoja tulipoteza hadithi sita kabla ya kengele ya saa nne.